Kuzinduka Si Kupona: Hatua za Kurejea kwa Akili Baada ya Jeraha la Ubongo

TUKUYU: Majeruhi wa kichwa anapofumbua macho na kuwatambua ndugu zake, familia humshukuru Mungu na kuamini kuwa hatari imepita. Wilayani Rungwe, ambako barabara kuu ya Uyole hadi Kasumulu ina miteremko, kona na ukungu, na bodaboda ni usafiri wa kila siku, imani hiyo inaweza kugharimu maisha.

Hospitalini, fahamu hupimwa kwa Kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Hupima kufumbua macho, usemi na mwendo wa viungo, kwa alama 3 hadi 15. Alama 8 au pungufu huashiria jeraha kali. Hata hivyo, alama 15 huthibitisha kuwa mgonjwa yuko macho tu. Hazielezi kama anaweza kukumbuka, kupanga na kuamua.

Hayo hufuatiliwa kwa kipimo cha Rancho Los Amigos, kilichotokana na hospitali ya jina hilo mjini Downey, California, nchini Marekani. Muundo wake wa awali una hatua 8, kuanzia mgonjwa asiyeitikia chochote hadi anayekumbuka na kutenda kwa makusudi.

Hatua mbili huwapotosha wengi. Katika hatua ya 4 mgonjwa hufanya ghasia, hung'oa mipira ya dawa na hata kumpiga anayemuuguza. Ndugu wanaweza kudhani amepata wazimu au amerogwa, ilhali ubongo umeanza kuamka. Katika hatua ya 7 huoga, hula na huzungumza vizuri, lakini uamuzi wake bado ni dhaifu. Hapo ndipo dereva anapoweza kukabidhiwa tena pikipiki kabla ya wakati.

Kwa kuwa safari hii huchukua miezi na sehemu kubwa hupitiwa nyumbani, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kuwa kiungo muhimu kati ya familia na hospitali.

Wananchi wanashauriwa kuandika mabadiliko ya mgonjwa, kuzingatia tarehe za kliniki na kutomruhusu kuendesha chombo cha moto hadi daktari athibitishe. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akizidiwa na usingizi au maumivu ya kichwa, afikishwe hospitalini mara moja.