Mgahawa wa Bure na Bei ya Subira

Mteja anaingia, anataja pizza anayoitaka, na karatasi ya oda inatundikwa kwenye kamba juu ya skrini. Uyoga kiasi gani, upande upi, ikae tanurini kwa muda gani, ikatwe vipande vingapi. Anayehudumu ni Roy, kijana wa kupeleka pizza ambaye mwenye duka amemwachia kazi yote. Pizza ya kwanza haijaiva, mteja wa pili ameshafika, wa tatu yuko mlangoni, na ile ya tanurini imeanza kuungua. Huo ni Papa's Pizzeria, mchezo uliotolewa mwaka 2007 na Flipline Studios, kampuni ndogo ya Marekani iliyoanzishwa na Matt Neff na Tony Solary. Ulichezwa ndani ya kivinjari cha intaneti, na anayecheza hakudaiwa hata senti.

Wazazi wengi wakimwona mtoto kwenye mchezo kama huu huona muda unaopotea bure. Hapo wanauonea. Mchezo huu una vituo vinne: kupokea oda, kupanga viungo, kuoka na kukata. Pizza ikifika mezani, mteja anatoa alama kwa kila kituo, na bakshishi hutegemea alama hizo. Aliyeweka uyoga upande usio wake anaona palepale kosa liko wapi, na mteja anayefuata ni nafasi ya kulirekebisha. Mtoto anajifunza kushika mambo matatu kichwani kwa pamoja, kupanga lipi litangulie, na kutunza makini wakati watu wamejaa kaunta. Gharama ya mchezo ililipwa na matangazo yaliyouzunguka. Ndani yake hapakuwa na kitu cha kununua kwa pesa halisi.

Michezo ya kuendesha biashara ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1973, katika jimbo la Minnesota, Bob Jamison alitunga Lemonade Stand, na baadaye mchezo huo ukasambazwa mashuleni na taasisi ya elimu ya kompyuta ya jimbo hilo. Mwanafunzi alisoma utabiri wa hali ya hewa, akaamua atengeneze glasi ngapi za maji ya limau, abandike matangazo mangapi na auze kwa bei gani. Mvua ikinyesha, hasara ilikuwa yake. Mwaka 2004 ikaja Diner Dash, iliyobuniwa na Gamelab ya New York: mwanamke aitwaye Flo anaacha kazi ya ofisini na kufungua mgahawa wake. Kupanga wateja mezani, kuwapelekea chakula na kuwahi kufuta meza kukawa mchezo uliopendwa na watu wazima ambao hawakuwa wameshika gemu lolote kabla ya hapo.

Mambo yalibadilika mwaka 2009. Playfish ya London ilileta Restaurant City ndani ya Facebook, na mwaka huohuo Zynga ya Marekani ikaja na Café World. Michezo yote miwili iliitwa ya bure, na kuingia kulikuwa bure kweli. Ila kazi ya jikoni ilikuwa imeondolewa. Katika Café World mchezaji alibofya jiko mara chache, kisha akasubiri. Kuna chakula kilichoiva kwa dakika chache na kingine kilichotaka saa nyingi, hata siku nzima. Akichelewa kurudi, chakula kiliharibika. Katika Restaurant City marafiki wa Facebook walifanywa wapishi na wahudumu, wakachoka, na ikabidi wapewe chakula ili waendelee na kazi. Asiyetaka kusubiri, au aliyetaka mapambo bora kuliko ya rafiki yake, alikaribishwa kutoa pesa halisi.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Katika mchezo kama Papa's Pizzeria anayeshinda ni mwenye ustadi. Katika hii ya Facebook ustadi hauna kazi kubwa: mtu hufanywa asubiri kwa makusudi, kisha huuziwa njia ya kutosubiri. Na biashara hiyo ililipa vizuri. Mwishoni mwa 2009 Electronic Arts iliinunua Playfish kwa takriban dola milioni 300, taslimu na hisa. Zynga iliuza hisa zake kwa umma Desemba 2011 na kukusanya dola bilioni moja. Mfumo huo ndio uliohamia kwenye simu, na ndio unaoongoza gemu nyingi za mgahawa ambazo mtoto atazikuta leo akitafuta za bure.

Matokeo yake yamefika hadi kwa mamlaka za serikali. Januari 2014 Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa wateja, baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kulalamika kwamba watoto walikuwa wakinunua vitu ndani ya gemu bila idhini ya wazazi. Mzazi alipoandika nywila mara moja, dirisha la dakika 15 lilibaki wazi, na mtoto aliweza kununua bila kuulizwa tena. Mama mmoja alieleza kwamba binti yake alitumia dola 2,600 katika Tap Pet Hotel, gemu la kuendesha hoteli ya wanyama. Septemba mwaka huo Google nayo ilikubali kurudisha angalau dola milioni 19 kwa malalamiko ya aina hiyohiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki asiyaone haya kuwa ya Wamarekani peke yao. Mwaka 2022 Safaricom ya Kenya na Visa walizindua kadi pepe inayowawezesha wateja wa M-Pesa kulipa kwenye maduka ya mtandaoni ya nje ya nchi. Ni huduma nzuri kwa mwenye biashara. Lakini ina maana kwamba simu anayopewa mtoto atulie nayo jioni inaweza kuwa na njia ya moja kwa moja kutoka kwenye pochi ya familia hadi kwenye sarafu na almasi za mgahawa wa kubuni. Kabla hata ya hapo kuna bando, linaloliwa na matangazo ya video anayolazimika kutazama ili jiko lake liwake tena.

Kuna tofauti nyingine kati ya aina hizi mbili za michezo, na hii imeonekana baada ya miaka. Restaurant City ilifungwa Juni 2012. Migahawa iliyojengwa na watu kwa miaka mitatu ilizimika siku moja, pamoja na vitu vilivyonunuliwa kwa pesa halisi, kwa sababu vyote vilikaa kwenye kompyuta za kampuni. Papa's Pizzeria nayo ilipata msiba wake: teknolojia ya Flash iliyoiendesha ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2020, na siku chache baadaye ikazuiwa kabisa. Lakini mchezo wa aina hiyo ni faili moja iliyokamilika, yenye megabaiti chache. Watu wa kujitolea katika mradi wa Flashpoint, ulioanza mwaka 2018, wamehifadhi zaidi ya michezo na katuni 100,000 za Flash, na programu iitwayo Ruffle inaiwezesha mingi kuchezwa tena. Papa's Pizzeria bado inachezeka.

Hata hivyo, hata ule mchezo mzuri una pengo. Roy hanunui unga, halipi kodi ya pango wala hakopeshi. Mama lishe wa Kariakoo anaamka alfajiri kutafuta mchele, maharage na mkaa. Nyanya zikipanda bei, sahani ya wali haipandi kwa urahisi, maana mteja atavuka barabara kwa jirani. Fundi ujenzi anakula leo na kulipa Jumamosi, na deni lake linaandikwa kwenye daftari. Chakula kikibaki jioni ni hasara, kikiisha saa saba wateja wamekosa. Hesabu hiyo ni ngumu na tamu kuliko ya pizza, na mtoto wa darasa la sita anaielewa kwa sababu anaiona kila siku.

Lemonade Stand ilifundisha hesabu ya namna hiyo kwa sheria chache na maandishi matupu kwenye skrini. Vijana wanaoandika programu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wana vifaa bora mara nyingi kuliko vya 1973. Watengeneze mchezo wa mama lishe, kwa Kiswahili, mwepesi wa kufunguka kwenye simu ya bei nafuu, usio na sarafu za kuuza wala saa za kusubirisha. Walimu wa hisabati wauingize darasani. Na mzazi, kabla hujampa mwanao gemu la mgahawa, licheze mwenyewe kwa nusu saa. Likikusimamisha na kukuomba pesa ili uendelee kupika, lifute.