Matokeo ya darasa la saba yasimfuate mtu ukubwani

Fungua kurasa za matokeo ya darasa la saba ya miaka kadhaa iliyopita. Unabonyeza mkoa wa Simiyu, unateremka hadi halmashauri, kisha shule, na mbele yako linatokea jedwali lenye namba ya mtahiniwa, jinsi na majina yake matatu, halafu Kiswahili C, Hisabati E, Sayansi D, mpaka wastani wa daraja. Mzazi wa kata ya Kimali mkoani humo aliyekuwa akisubiri matokeo hayo alikuwa na kila haki ya kuyaona, na kuwekwa mtandaoni kulimwondolea safari na gharama. Lakini aliyepaswa kujua alijua ndani ya wiki ileile. Yule mtoto wa miaka 13 sasa ni mtu mzima. Anaomba kazi, anaposa au anaposwa, anataka mkopo wa kulimia pamba, na yeyote anayeandika majina yake kwenye Google anaweza kukutana na ile E ya Hisabati kabla hajaonana naye. Taarifa ya namna hii, iliyokwisha kazi yake, inapaswa kuondolewa kwenye majibu yanayotokea mtu anapotafutwa kwa jina. Na mzigo wa kuiondoa uibebe kwanza taasisi iliyoiweka, kwa sababu mwenye jina hakuulizwa ilipowekwa.

Zamani matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa shule. Kijiji kizima kilisoma, waliofaulu wakapongezwa, waliofeli wakainamisha vichwa kwa siku kadhaa, kisha mvua ikalowesha karatasi na maisha yakaendelea. Mtandao umeiondoa mvua hiyo, ila sheria bado inajua kwamba mambo yana ukomo. Sheria yetu ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mwenye dai la mkataba miaka 6. Akikaa kimya hadi muda huo upite, kwa kawaida mahakama haimsikilizi tena. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 inayomwezesha aliyemaliza adhabu isiyo kubwa, na kukaa muda uliowekwa bila kosa jingine, kuhesabiwa kama mtu ambaye hakuwahi kutiwa hatiani. Ikiwa hata mfungwa anaachiliwa na jana yake, sioni sababu ya kumfunga mtoto kwenye mtihani wa darasa la saba.

Kesi iliyofungua njia ni ya Mhispania Mario Costeja González. Mwaka 1998 gazeti la La Vanguardia lilichapisha tangazo la mnada wa mali yake kutokana na deni la hifadhi ya jamii. Deni likaisha, lakini zaidi ya miaka 10 baadaye aliyeandika jina lake kwenye Google bado aliuona mnada ule. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kuitaka Google iondoe kiungo kinachotokea kwa kutafuta jina lake, pale taarifa inapokuwa haitoshelezi, haihusiki tena au imepitiliza kwa kuzingatia muda uliopita. Lililo muhimu kwa mjadala wetu ni kwamba gazeti halikuguswa. Tangazo lilibaki kwenye hifadhi yake, na mtafiti anayechunguza minada ya miaka hiyo bado angeweza kulipata. Kilichokatwa ni ile njia ya mkato kutoka kwenye jina la mtu hadi kwenye deni alilokwisha kulipa.

Tanzania haianzi mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Miongoni mwa misingi yake ni kwamba taarifa zinazomtambulisha mtu zisitunzwe kwa muda unaozidi lengo zilizokusanyiwa. Lengo la kutangaza matokeo kwa majina lilikuwa kumjulisha mtahiniwa na mzazi wake, nalo lilitimia miaka mingi iliyopita. Hata hivyo, Wakenya wameliweka jambo hili wazi kuliko sisi. Sheria yao ya mwaka 2019 inampa mhusika haki ya kudai kurekebishwa kwa taarifa isiyo sahihi, iliyopitwa na wakati, isiyokamilika au inayopotosha, na kufutwa kwa taarifa isiyohusika. Mwaka 2023 kamishna wao wa ulinzi wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwetu, Tume ingeweza kutoa mwongozo unaotaja kwa maneno yaleyale taarifa iliyopitwa na wakati, ili mwombaji asilazimike kuthibitisha kwamba taarifa ni ya uongo. Ile E inaweza kuwa kweli kabisa na bado isiwe haki kuionyesha.

Wapo wanaohofu kwamba mlango huu utapitiwa na mafisadi. Hofu hiyo ni ya haki na naichukua kwa uzito, maana mwenye cha kuficha ndiye hutangulia foleni. Lakini mahakama ya Ulaya iliona hatari hiyo na kuweka mpaka: mtu mwenye nafasi katika maisha ya umma hawezi kudai kama mwananchi wa kawaida, ikiwa wananchi wana sababu ya kujua habari zake. Hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu halmashauri yoyote, zikiwamo za Simiyu, zibaki zinapatikana daima, na majina ya waliotiwa hatiani kwa wizi wa fedha za umma yabaki nazo. Ninayemtetea ni yule aliyeandikwa kwa wino mkubwa siku alipofikishwa kizimbani, kisha Mkurugenzi wa Mashtaka akaliondoa shauri bila gazeti lolote kuandika. Miaka inapita, habari ya kukamatwa iko juu kabisa ya majibu, na ya kuachiwa haipo popote. Gazeti lisifute habari hiyo, ila liongeze mstari mmoja unaoeleza mwisho wa kesi. Usukumani, ulipo mkoa wa Simiyu, jambo hili linauma zaidi, kwa kuwa majina kama Masanja, Maduhu, Kulwa na Doto yanarudiwa kila kijiji, na aibu ya mmoja humwangukia mwingine asiyemjua hata kwa sura.

Pingamizi la pili ni kwamba Google iko Marekani na haitamsikiliza mtu wa Kimali. Kwa kweli ina fomu za bure za kuomba kuondolewa kwa namba ya simu, anwani ya nyumbani au ukurasa uliokwisha kubadilishwa. Ila kwa taarifa kama matokeo ya mtihani, ukurasa usipobadilishwa kule ulikotoka, fomu hizo hazina msaada mkubwa, na ndiyo sababu dawa iko nyumbani. CanLII, maktaba ya mtandaoni ya hukumu za Canada, inaziacha hukumu wazi kwa kila msomaji lakini inaizuia Google isiziorodheshe: wakili anazipata, mdaku anayepekua majina ya jirani zake kwenye Google hazipati. Fundi wa tovuti huweka zuio kama hilo kwa mistari michache. Baraza la Mitihani, linalotangaza matokeo hayo, nalo limeonyesha kwamba linaweza kubadilika, maana Januari 2023 liliacha kutangaza wanafunzi na shule bora, na matokeo ya kidato cha nne kwa miaka mingi limeyatoa kwa namba ya mtahiniwa bila jina. Lifanye hivyo hivyo kwa kurasa zote za zamani za darasa la saba, na Tume iwaelekeze watendaji wa kata kupokea maombi ya maandishi kutoka kwa watu wasio na kompyuta wala barua pepe, wayapeleke Dodoma, na mwombaji apewe jibu lenye tarehe na sababu.