Jibu Si 77

Mwaka jana, nikihangaikia ada ya shahada ya uzamili, nilipata kazi ya kufundisha watoto wawili wanaosomea nyumbani, Dar es Salaam. Mama yao alinikabidhi mpango wa wiki mbili: Nyerere katika kila somo. Hisabati, toa 1922 kwenye 1999. Sanaa, paka rangi picha ya Mwalimu. Jiografia, onyesha Butiama kwenye ramani. Kiswahili, andika insha, "Baba wa Taifa". Nilikubali. Nilihitaji hela.

Siku ya tatu yule mdogo, mwenye miaka tisa, alipata 77 yake, akafunga daftari, akauliza: "Dada, mbona bibi anasema nyumba yao ilichomwa ili wahamie kijiji cha ujamaa?"

Bibi alikuwa barazani anachambua mchicha. Aliinua macho. Mama yao akasema hayo hayamo kwenye mpango. Nami nikasema, "Haya, tuendelee na picha."

Sentensi yangu hiyo ndiyo ninayoipinga hapa.

Tunaambiwa kwamba kumfundisha kiongozi kupitia masomo mengi humpa mtoto picha kamili. Sikatai. Lakini tunachofanya ni kuchukua sifa moja na kuinakili kwenye madaftari matano. Kutoa 1922 kwenye 1999 hakumfundishi mtoto chochote kuhusu Nyerere. Hesabu hiyo ingefaa kwa marehemu yeyote.

Kila somo lina swali lake, liachiwe liulize. Mwaka 1969 Nyerere alichapisha tafsiri ya Shakespeare, akaiita *Mabepari wa Venisi*. Kwa nini mabepari, wakati Shakespeare alisema mfanyabiashara? Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu. Hapo Kiswahili kimeshikana na siasa bila kulazimishwa. Hisabati: familia imehamishwa, shamba limebaki kilomita 8 nyuma, kwenda na kurudi ni saa ngapi, na za kulima zinabaki ngapi? Sayansi: kaya nyingi zikikusanywa pamoja, kuni na rutuba ya udongo vinakuwaje baada ya miaka mitatu? Na zahanati ikisogea karibu, nani anapona ambaye angekufa? Uraia: kwa nini nchi yenye uhuru wa mwaka mmoja ilitunga, mwaka 1962, sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi?

Mtaniambia watoto bado wadogo, watamdharau Mwalimu. Huyu wa miaka tisa alikuwa ameshasikia habari za moto kutoka kwa bibi yake. Alichojifunza kwangu ni kwamba maneno ya bibi hayaandikwi kwenye daftari. Na Nyerere mwenyewe, mwaka 1977, aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio, akakiri kasoro zake. Yeye alithubutu kujisahihisha. Sisi tunamlinda dhidi ya nini?

Siku yangu ya mwisho nilikwenda barazani, nikamwamkia bibi, nikamuuliza. Alinieleza jinsi walivyopakiwa kwenye lori na sufuria zao. Alinieleza pia kwamba ni katika kijiji kilekile alikojifunza kusoma, usiku, kwenye darasa la ngumbaru, mtoto mgongoni. Anampenda Nyerere. Nyumba hajaisamehe. Aliyasema yote mawili bila kugugumia, na hakuna ukurasa hata mmoja wa ule mpango ambao ungeweza kuyabeba.

Anayesomesha wanawe nyumbani hana kengele inayomkimbiza, wala darasa la watoto sitini. Ana muda, na mara nyingi ana shahidi hapo barazani. Basi ukipanga wiki yako ya Nyerere, anza kwa kumkaribisha bibi mezani, na mchicha wake. Picha ya kupaka rangi itasubiri.