Begi la Kijana wa Meli

KUTOKA NDHIWA
Na Akoth Ouma

Mtoto wa kaka yangu aliondoka nyumbani Kanyadoto mwaka juzi, mwezi wa tatu, akiwa na begi moja. Najua kilichokuwamo kwa sababu nililifunga mimi na mama yake: mashati sita mepesi, suruali tatu, viatu vya kazi, Biblia, omena waliokaushwa vizuri, na sweta la shule ya upili ambalo dani, nyanya yake, alilisukuma ndani dakika ya mwisho huku sisi tukimwambia halina haja. Wakala alikuwa amesema meli ni ya Karibea. Na Karibea, tuliambiwa, ni joto kama Mombasa.

Alifika Karibea kweli, akakaa huko majuma sita. Kisha meli ikapita Mfereji wa Panama, ikashika njia ya kaskazini hadi Alaska. Simu yake ya kwanza kutoka huko ilinikuta nimelala. Alikuwa kwenye idara ya sitaha, wale wanaoosha sitaha na kushughulikia kamba meli inapofunga gatini, na zamu yake ilianza alfajiri. "Shangazi," akasema, "huku koyo inaingia mpaka kwenye meno." Koyo ni baridi. Walikuwa wamempa koti la mvua na glavu. Chini ya koti alikuwa na shati la pamba na sweta la dani. Wiki ile nzima hakulivua.

Meli haikuwa imepotea. Meli za watalii huhama kwa majira kama korongo. Kaskazini kukiwa na baridi kali, nyingi huwa Karibea. Ikifika Aprili na Mei, baadhi huenda Alaska na nyingine Norwe kufuata watalii wa kiangazi, na msimu wa Alaska huishia Septemba au Oktoba. Kalenda hiyo si siri. Kila mtu katika biashara ile anaijua, isipokuwa familia iliyoketi sebuleni Ndhiwa ikihesabu mashati.

Naliandika hili leo kwa sababu kila mara nasikia kijana mwingine wetu amepata meli, au kazi Kanada, au chuo Ufini. Kumuaga mtoto tunajua. Tunafanya harambee, tunachinja, mchungaji anamwekea mkono kichwani. Kuhusu baridi hatumwambii neno, kwa sababu tunaiona ni jambo la starehe, kitu cha kuvumilia kama mwanamume. Nataka tuache kufikiri hivyo. Kwa mfanyakazi wa melini baridi ni hatari ya kazini, sawa na moto na sawa na kuanguka kutoka juu, na maandalizi yake yaanze hapa kijijini.

Neno kiangazi ndilo linalotudanganya kwanza. Kwetu kiangazi ni vumbi la barabara ya Rodi Kopany na ng'ombe wanaotafuta kivuli. Kiangazi cha Juneau, mji mkuu wa Alaska, ni mchana wa nyuzi 17 au 18, tena mara nyingi wa mvua. Nyuzi 17 ni alfajiri yetu ya Julai, ile inayotufanya tuwavishe watoto jaketi zenye kofia wakienda shule. Na meli zinazopanda hadi Svalbard, juu kabisa ya Norwe, zinaikuta Julai ya nyuzi 7 hivi.

Halafu kuna upepo, na meli hujitengenezea wake. Ikienda noti 20, ambazo ni kilomita 37 kwa saa, aliyesimama kwenye sitaha anapigwa na upepo wa kasi hiyo hata kama hewa imetulia tuli. Nyuzi zikiwa sufuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 7 chini ya sufuri. Kisha meli inasogea karibu na mto wa barafu ili watalii wapige picha, na hewa nzito ya baridi inateremka kutoka juu ya barafu hadi majini. Mtalii akichoka anaingia ndani kunywa chokoleti ya moto. Kijana wetu anabaki pale mpaka zamu iishe, na kandarasi yake ni ya miezi sita, minane, wakati mwingine tisa.

Kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue, kwa sababu linahusu miili yetu. Tafiti zilizofanywa katika majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba wanajeshi wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe. Huo si udhaifu wa mtu, na wala hauondolewi kwa ujasiri. Tena dalili za mwanzo hufundishwa kwa rangi ya ngozi nyeupe, kwamba itakuwa nyekundu kisha ipauke. Juu ya ngozi yetu rangi hiyo ni vigumu kuiona. Kwa hiyo kijana afundishwe kuamini ganzi. Kidole cha mkono au cha mguu kikiacha kuhisi, aseme hapo hapo, aingie ndani. Asikisugue. Asikiweke karibu na moto wala hita, kwa kuwa ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto, yanatosha.

Na si lazima kuwe na theluji. Miguu ikikaa imelowa kwa saa nyingi katika baridi ya kawaida tu, hata nyuzi 10, mishipa na neva huweza kuumia, na maumivu hayo yakakaa miezi, wakati mwingine miaka. Askari wa Vita Vikuu vya Kwanza waliyajua vizuri, waliposimama kwenye mahandaki yenye matope. Mwosha sitaha husimama kwenye maji kila siku.

Niongeze moja kwa watu wa huku ziwani hasa. Ugonjwa wa selimundu uko katika familia nyingi za Homa Bay na Migori, na baridi ni mojawapo ya vitu vinavyochochea yale maumivu makali. Uchunguzi wa daktari wa mabaharia ni mkali, huenda mwenye ugonjwa huo asipite. Lakini anayekwenda kusoma au kufanya kazi nchi kavu huenda asiulizwe. Apimwe kabla, aongee na daktari kabla, na karatasi zake za kliniki ziwe kwenye begi pamoja na pasipoti.

Baada ya ile simu nilikwenda Sori kumwona mzee mmoja aliyevua omena usiku kwa zaidi ya miaka 30. Nilikwenda kwake kwa sababu huku kwetu yeye ndiye niliyemfikiria nilipojiuliza nani anaijua baridi ya majini. Maji ya Ziwa Victoria ni ya vuguvugu, nyuzi 24 au 25, lakini saa tisa ya usiku, mtu akiwa amelowa, upepo unatoka nchi kavu na taa zinawaka juu ya maji, wavuvi hutetemeka. Alinieleza bila haraka. Kavu ndani, plastiki nje, na kitu cha kushika joto katikati. Shingo ifungwe. Kichwa kifunikwe. Nguo moja kavu ifungwe kwenye mfuko usioingia maji na isiguswe mpaka kazi iishe. Na mtu ale kabla ya kutoka, kwa kuwa tumbo tupu halina kuni.

Niliporudi nyumbani nikalinganisha maneno yake na yale wanayofundishwa watu wa kaskazini, nikakuta ni somo lile lile. Nguo ya ndani inayobana ngozi, ya sufu au ya kitambaa cha michezo kinachokauka upesi. Juu yake sweta nzito. Juu kabisa, koti lisilopitisha maji wala upepo. Pamba isiguse mwili, kwani ikilowa jasho hushika maji na kuuibia mwili joto, wakati sufu hata ikiwa na unyevu bado hutunza. Soksi za sufu jozi nne au tano ili kuwe na kavu kila siku, na kiatu kiwe kikubwa kidogo. Ukijaza soksi tatu kwenye kiatu kinachobana, damu haipiti na mguu unapoa zaidi.

Vitu hivi viko hapa hapa. Marobota ya mitumba yanayofunguliwa Kibuye, Kisumu, yanatoka kwa watu wa nchi za baridi, na ndani yake mna kofia za sufu, soksi nene, suruali za ndani za joto, majaketi ya kutelezea theluji. Wachuuzi huyauza kwa bei ya chini kwa sababu huku hakuna anayeyataka. Ukifika mapema unapata kamera, zile nguo safi za mwanzo, kabla hazijachaguliwa. Kijana akisubiri kununua bandarini Alaska, mshahara wake wa kwanza utaishia dukani kwa watalii.

Ila nguo pekee haitoshi, na hapa ndipo naona tumelegea zaidi. Mwaka 1998, Philip Boit kutoka Eldoret alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe akamngojea mwisho wa njia ili amkumbatie. Watu wanakumbuka kumbatio hilo. Mimi nakumbuka kwamba Boit alikuwa ametangulia kupelekwa Ufini. Mapafu ya mkimbiaji alikuwa nayo tayari; alichokosa ni kuifahamu theluji, na kuna mtu aliyeona kwamba lazima aonyeshwe kabla.

Vijana wetu wanaosomea ubaharia hufunzwa misingi ya usalama inayotakiwa na mkataba wa kimataifa: kuzima moto, huduma ya kwanza, kujiokoa majini, na hata kuvaa ile suti nene inayozuia maji yasifikie mwili. Ni mafunzo mazuri na nayaheshimu. Lakini kwenye bahari ya Mombasa, yenye nyuzi 27, huwezi kujua maana ya suti hiyo. Katika maji yanayokaribia kuganda, dakika ya kwanza mtu huhema bila kujizuia, na akihema kichwa kikiwa chini anazama. Akiishinda dakika hiyo, ana dakika 10 hivi za mikono inayomtii, kisha vidole havifungi tena hata kifungo. Yeyote anayefanya kazi ukingoni mwa meli kaskazini anapaswa kuwa na hesabu hiyo kichwani.

Nina pendekezo, na nalitoa kwa moyo wote. Viwanda vya samaki vya kando ya ziwa vina vyumba vya kuhifadhia minofu iliyogandishwa, nyuzi 18 chini ya sufuri. Vyuo vya kaunti zetu viongee navyo. Kijana anayejiandaa kwenda kaskazini aingie humo dakika tano akiwa na mwalimu, kwanza amevaa vibaya, kisha atoke, apate joto, aingie tena amevaa vizuri. Afunge fundo la kamba akiwa na glavu, halafu bila glavu. Dakika tano hizo zitamfunza kuliko ukurasa wangu huu. Na wengine watakuwa wamepata mafunzo mara mbili, kwa sababu melini pia kuna ghala za barafu, na mtu wa stoo ya jikoni huingia humo mara nyingi kwa siku hata meli ikiwa Karibea.

Upande wa mawakala, sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya imeuridhia, unamtaka mwenye meli alinde afya na usalama wa baharia kazini. Unakataza pia kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia ni cheti cha daktari, kitabu chake cha ubaharia na pasipoti. Basi kijana asiogope kuuliza. Meli itakuwa wapi mwezi wa tano? Nitafanya kazi ndani au nje? Mnanipa nguo gani za baridi, na mimi nije na zipi? Wakala anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujibu.

Mtoto wa kaka yangu alimaliza kandarasi yake salama. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado humchoma usiku, hata hapa kwenye joto letu, na daktari amemwambia asubiri. Anataka kurudi melini, kazi anaipenda. Sweta alilirudisha kwa dani, limefumuka kwenye viwiko, naye akalifua na kulirekebisha kwa uzi wa rangi nyingine.

Jumapili hii nakwenda Kibuye na binti wa jirani yetu wa Kabuoch. Amepata kandarasi ya miezi minane, idara ya usafi. Nilimwomba kwamba kabla hatujanunua hata soksi ampigie wakala simu amuulize meli inapoelekea ikifika Mei. Wakala alimwambia mambo hayo huwa yanabadilika. Akauliza mara ya pili, kwa heshima, akaomba aandikiwe. Jibu liliingia kwenye simu yake jana usiku, nalo ni Norwe: Bergen, Tromsø, Nordkapp.