MFALME ALIYEKUWA ANASALI



Tangu somo la istoria la juma lililopita, kelele haijaisha katika darasa la sita. Mwalimu alitufundisha habari ya Ethelred wa kwanza, mfalme wa Wessex katika Uingereza ya zamani. Wengi walicheka. Mmoja akasema: « Ule mfalme alikuwa anaogopa tu! Mudogo wake iko anapigana, yeye iko anasali! » Sisi tunapenda kujibu, maana neno hili linatugusa sisi wenyewe.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Ethelred alipata ufalme mwaka 865. Mwaka uleule jeshi kubwa la Wadani, wale wanaoitwa Viking, lilishuka East Anglia. Mwaka 866 wakashika mji wa York. Mwaka 869 wakaua Edmund, mfalme wa East Anglia. Mwisho wa 870 wakaingia Wessex na kuweka kambi yao Reading. Mwanzo wa Januari 871 Ethelred na mdogo wake Alfred wakawashambulia pale, wakashindwa vibaya. Siku nne tu zikapita, na vita ingine ikaanza, pahali panapoitwa Ashdown.

Wadani walikuwa juu ya kilima, wamejigawa makundi mawili: moja la wafalme wao, lingine la wakubwa wa jeshi. Ndugu hao wawili nao wakagawana kazi. Ethelred apige wafalme, Alfred apige wale wengine. Lakini saa ilipofika, Ethelred alikuwa bado ndani ya hema, anasikiliza misa, akakataa kutoka mpaka iishe. Alfred akaona adui wanakaribia, hakungoja tena. Akapanda kilima na watu wake.

Je, Ethelred alikuwa mwoga? Sisi tunasema hapana, na tuna sababu mbili. Ya kwanza: habari ya sala iliandikwa na Asser mwaka 893, na Asser alikuwa mtu wa nyumba ya Alfred. Ethelred alikuwa amekwisha kufa zamani, hakuwa na mtu wa kumsemea. Ya pili: kitabu cha miaka cha Waingereza kinasema kwamba mfalme wa adui, jina lake Bagsecg, aliuawa katika lile kundi ambalo Ethelred alipigana nalo. Basi mwenye kusali alisimama, akaenda, akapiga. Mwoga hafanyi vile.

Tena baada ya Ashdown alipigana mara mbili ingine, Basing na Meretun, akashindwa zote mbili, lakini hakukimbia nchi yake. Baada ya Pasaka ya mwaka 871 akafa, akazikwa Wimborne. Hakufikisha miaka sita katika ufalme. Alfred alishinda Edington mwaka 878, na leo watu wanamwita Mkuu. Lakini kama mkubwa wake angeliacha Wessex ianguke, Alfred angelirithi kitu gani?

Hata hivyo hatutaki kumsifu bure. Kama Alfred angelingoja misa iishe, pengine askari wote wangeliuawa pale chini ya kilima. Musa aliinua mikono mlimani, ndiyo, lakini Yoshua alikuwa bondeni na upanga. Nehemia aliomba Mungu, na palepale akaweka walinzi. Sala haikatazi kazi. Mtu akifanya sala iwe pahali pa kujificha, ni yeye anaiharibu.

Na hapa, ndugu zetu, tunapaswa kusema ukweli. Siku ya salongo iliyopita, wakubwa wengi wa darasa la sita walikuwa ndani ya chapel, eti wako katika maombi. Wadogo wa darasa la kwanza walibeba maji peke yao, mpaka jua kali. Sisi kapita tulikuwa mmoja wao. Biblia yetu ilikuwa imefungwa juu ya magoti, na tulisikia ndoo zinapita dirishani. Ethelred alitoka hemani. Sisi hatukutoka.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kikundi cha maombi kikutane mapema, mbele ya kengele ya salongo, na kengele ikilia, kila mtu ashike jembe lake. Mwenye kutaka kuendelea kuomba aombe huku analima, Mungu anasikia shambani pia. Jumamosi inayokuja mtatuona kwenye kisima, na ndoo mbili. Anayemcheka Ethelred aje naye, tuone nani atachoka wa kwanza.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita