Safari na mbwa: anayenyamaza ndiye wa kuangaliwa

Nilipowaambia wenzangu hapa ofisini kwamba Krismasi nakwenda Njombe na Bosi, chumba kizima kilinyamaza. Dada mmoja wa matangazo akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Na mumeo anajua?"

Ikabidi nifafanue. Bosi ni mbwa wetu. Ni chotara wa Jemani Shepadi na mbwa wa kawaida wa mtaani kwetu Tabata, ana kilo 30 na ushee, na ni mkimya ajabu. Mwenzake anaitwa Kidoti, koko tuliyemwokota mtaroni wakati wa mvua. Huyo ana kilo nane tu, lakini mdomo wake ni redio. Mume wangu husema wale mbwa ni sisi wenyewe: yeye Bosi, mimi Kidoti. Nilikuwa nacheka. Baada ya safari hii, sicheki tena.

Utauliza, kwa nini usiwaachie majirani? Tulishajaribu, Kidoti akapotea siku mbili. Na basi? Kondakta gani atakupakia na mbwa wawili? Gesti nazo ukitaja mbwa tu, simu inakatwa. Sina ugomvi nao. Wapo wateja ambao mate ya mbwa yanawatia najisi kabla ya swala, na mwenye nyumba ana haki ya kuwajali.

Ndipo mume wangu akaja na wazo: kama hawatupokei, twende na nyumba yetu. Wenzetu Ulaya na Marekani wana magari maalumu yenye kitanda, jiko na choo humohumo. Sisi tulikuwa na Haisi iliyochoka kidogo. Tukang'oa viti vya nyuma, tukampelekea fundi wa Keko, akatutengenezea kitanda cha mbao cha futi nne kwa sita, na chini yake chumba cha mbwa. Mapazia nikashona mwenyewe. Jamani, ilipendeza! Nikapiga picha, nikamtumia kila mtu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa mle mle kwenye picha, hatukuliona. Kile chumba cha chini fundi alikiziba kwa mbao pande tatu.

Dakika kumi za Morogoro

Tulipanga kuondoka saa kumi alfajiri. Tukaondoka saa mbili asubuhi, kwa sababu tulikuwa tumenuniana. Tuna miaka minne kwenye ndoa na bado hatujapata mtoto, na Njombe anatusubiri mama mkwe na swali lake la kila mwaka. Mimi nilitaka tukubaliane mapema tutamjibu nini. Mwenzangu alijibu kama anavyojibu siku zote: kimya.

Kutoka Dar hadi Morogoro ni kilomita 190 na kitu, lakini kwa foleni ya kutokea mjini tulifika jua likiwa utosini. Tukaegesha chini ya mti mbele ya mgahawa. "Dakika kumi tu," nikasema, "tunywe soda, tuongee." Tukashusha vioo kidogo, tukaingia ndani. Nikaanza kuongea. Dakika kumi zikawa ishirini, kivuli cha mti kikahama, na mimi bado naongea.

Kidoti alikuwa akibweka muda wote. Nilimsikia, nikajisemea ndiyo zake. Aliyetushtua ni kijana anayeosha magari pale nje. Alikuja mezani mbio: "Dada, samahani, yule mbwa wenu mkubwa amelala vibaya."

Bosi alikuwa ndani ya kile chumba kizuri cha mbao, ulimi nje umekuwa mwekundu sana, mate mazito kama uji, macho hayamtambui mtu. Tulipomtoa, miguu haikumbeba. Hakubweka hata mara moja.

Yule kijana ndiye aliyeokoa maisha yake kwa ndoo zake za maji. Tukamwagia tumboni, shingoni, kwenye mapaja na nyayo, huku mume wangu akimpepea kwa trei ya mgahawa. Bahati yetu Morogoro ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachofundisha madaktari wa mifugo, na hospitali ya wanyama ipo. Tulikimbilia huko tukiwa tumelowa wote wanne. Bosi alitundikiwa dripu. Jioni akainua kichwa na kulamba mkono wa mume wangu. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, nikamwona mume wangu analia.

Joto la gari si mchezo

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na kidogo sana kupitia nyayo. Akiwa kwenye hewa ya moto iliyofungiwa, kuhema hakumsaidii. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mbwa wa pua fupi, wanene na wazee huzidiwa mapema zaidi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipima gari lililoegeshwa juani. Ndani ya saa moja joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi kama 22 juu ya lile la nje, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kushusha vioo kidogo hakukusaidia cha maana. Sasa piga hesabu ya Morogoro mwezi Desemba, nje nyuzi 32. Ile "dakika kumi tu" yetu ilikuwa tanuri.

Ukiona mbwa anahema kupita kiasi, mate mazito, fizi nyekundu mno, anayumba au anatapika, mtoe kivulini papo hapo. Mwagia maji ya kawaida mwili mzima na umpepee. Usimfunike taulo mbichi ukaliacha juu yake, maana linazuia joto kutoka. Akiwa na fahamu mpe maji kidogo kidogo, akiwa hana usimlazimishe. Mpoze kwanza, halafu daktari. Hata akiamka na kutikisa mkia, mpeleke tu, kwa sababu madhara ya figo hayaonekani kwa macho.

Tuliyojifunza, na wewe ujifunze bila kulia

*Makaratasi kwanza.* Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijaisha muda na cheti chake kiwe ndani ya gari. Pita ofisi ya mifugo ya wilaya yako uulizie kibali cha kusafirisha mnyama. Kama unavuka mpaka kwenda kwa shemeji Nairobi, anza wiki kadhaa kabla, kwa kuwa kule watataka na cheti cha afya na kibali cha kumwingiza.

*Mfunge.* Gari likienda kilomita 50 kwa saa na ukafunga breki ghafla, mbwa asiyefungwa anaendelea mbele kwa mwendo uleule, na mbele kuna kisogo chako. Mvalishe mkanda wa kifuani, si wa shingoni, uunganishe na mkanda wa gari. Au mweke kwenye kizimba kilichofungwa imara na kinachopitisha hewa pande zote. Chumba chetu kilikatwa na fundi wa Morogoro kesho yake, sasa kina nondo na matundu. Na tafadhali, hilo pozi la mbwa kutoa kichwa dirishani liache kwenye filamu. Kokoto moja ya lori inatosha kumpofua.

*Kula na kusimama.* Mpe chakula chepesi saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Zile kona za mlima Kitonga hazina huruma na tumbo lililojaa, liwe la mbwa au la mtu. Simama kila baada ya saa mbili, anywe maji, ajisaidie, anyooshe miguu. Kamba ifungwe kabla mlango haujafunguliwa. Shingoni awe na kibati chenye namba yako ya simu.

*Mikumi si pa kuchimbia dawa.* Barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita kama 50. Vibao vya mwendo vipo, na ukigonga mnyama faini yake utaisimulia kwa wajukuu. Mbwa haruhusiwi kuranda hifadhini, kwa hiyo amalize haja zake kabla ya kuingia. Vioo juu, maana mbung'o wapo na huambukiza mbwa ugonjwa wa nagana. Wiki chache baadaye ukiona ana homa, anakonda au macho yanafanya ukungu, mwambie daktari mlipita wapi.

*Vitunguu.* Hapa nusura tufanye kosa la pili. Ruaha Mbuyuni vitunguu vinauzwa kando ya barabara, vyekundu, vinang'aa, na mimi mke mwema nikanunua gunia la kumpelekea mama mkwe. Nikalisukumia nyuma, karibu na mbwa. Mume wangu, ambaye pale hospitali alimsikiliza daktari kuliko mimi, akalihamishia juu ya kitanda. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Kitunguu saumu ni vilevile. Chokoleti na zabibu nazo ni sumu. Na ile mifupa ya kuku wa kuchoma inavunjika vipande vyenye ncha, usimtupie.

*Usiku.* Iringa tuliomba kulala kwenye uwanja wa hoteli moja yenye mlinzi, tukalipa kidogo. Kule baridi inauma, na utatamani kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari "tupate joto kidogo". Usithubutu! Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inakulaza usiamke, wewe na mbwa wako. Vaa soksi, jifunike blanketi mbili, mkumbatie mwenzako. Dirisha moja liachie upenyo, uwekee wavu wa mbu.

*Mbwa wa watu.* Vijijini mbwa wenyeji watakuja kuwasalimia wenu. Waweke mbali. Mtu aking'atwa, oshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Na sisi wawili je?

Ile jioni ya Morogoro tulikaa kwenye ngazi za Haisi tukisubiri Bosi aruhusiwe. Sikuongea. Kwa mtu kama mimi, niliyesomea mawasiliano chuo kikuu miaka mitatu na kupewa shahada, kunyamaza ni kazi ngumu. Baada ya muda mrefu mume wangu akasema, "Mwezi wa tisa nilikwenda kupima peke yangu. Sikujua nikuambie vipi."

Majibu yake si ya gazetini, nisamehe. Lakini nilijiuliza: tangu mwezi wa tisa huyu mtu amekaa ndani ya chumba cha mbao, anahema peke yake, na mimi niko mezani naongea. Nilichukulia kimya chake kuwa ni dharau. Kimya cha Bosi nilikichukulia kuwa ni utulivu. Kote nilikosea, kwa sababu sikwenda kuchungulia.

Mbwa hawezi kukuambia amechoka, ana kiu, anaungua. Ndiyo maana ukisafiri naye unalazimika kusimama kila baada ya saa mbili na kumtazama, hata kama hajadai. Mwenzako anao mdomo, ndiyo. Ila wapo ambao hawautumii. Nao wanataka kusimamiwa, mlango ufunguliwe, waulizwe taratibu, halafu wasubiriwe.

Njombe tulifika siku moja nyuma ya ratiba. Mama mkwe akatupokea na kamwene zake, akazunguka Haisi mara mbili, akachungulia mapazia yangu. Mbwa hawaingii ndani kwake, na hilo tulilijua. Kidoti akaanza kuhutubia kijiji kizima. Bosi akajilaza miguuni pa bibi, kimya.

"Huyu ni kama mwanangu kabisa," mama mkwe akasema, akimwangalia mume wangu. "Akinyamaza sana, mama, ujue kuna jambo." Kisha akanishika mkono tukaenda jikoni na vitunguu vyetu.

Mwaka huo hakuuliza lile swali.

Mwezi ujao tutaongelea pesa ndani ya nyumba: nani alipe nini. Hadi hapo, kama unasafiri, ondoka alfajiri, na mara mojamoja geuka nyuma uangalie. Nawapenda!