Nguvu ya Mpira Imo Katika Kuchanganya

Tairi la gari ni jeusi, na wanafunzi wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo rangi ya asili ya mpira. Sivyo. Utomvu wa mti wa mpira ni mweupe kama maziwa, na matairi ya kwanza yalikuwa na rangi hafifu. Weusi huo ni masizi, yaani kaboni laini ipatikanayo kwa kuunguza mafuta pasipo hewa ya kutosha. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ilifahamika kwamba masizi huukinga mpira usichanike wala kulika upesi. Hata leo mchanganyiko wa tairi huweza kuwa na gramu 50 za masizi kwa kila gramu 100 za mpira.

Mwaka 1991 mwanasayansi wa Japani, Sumio Iijima, alieleza juu ya mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita chache tu. Nanomita milioni moja hufanya milimita moja. Mrija wa namna hiyo ukivutwa, ukaidi wake wa kurefuka ni kama mara tano ya ule wa chuma cha pua. Kutokana na sifa hiyo, wako wanaodai kwamba zama za masizi zimekwisha. Dai hilo ni la haraka mno.

Kwanza, mirija hiyo hupenda kushikamana. Mvutano baina ya molekuli huifunga katika matita. Wahenga husema umoja ni nguvu, lakini hapa umoja huo ni udhaifu: tita lisilofumuka hubaki ndani ya mpira kama donge ndani ya uji, na mpira ukivutwa, ufa huanzia papo hapo. Tatizo huzidi pale aina mbili za mpira zinapochanganywa, kwa mfano mpira wa asili na ule wa viwandani. Mara nyingi aina hizo haziungani kabisa. Moja hukaa ndani ya nyingine kama visiwa baharini. Mirija nayo huweza kukimbilia upande mmoja na kuuacha wa pili bila tegemeo.

Ni kweli kwamba ikisambazwa vema, gramu chache tu katika mpira huongeza ugumu wake. Aidha, kwa kuwa ni mirefu na myembamba, hugusana upesi na kuupa mpira uwezo wa kupitisha umeme. Lakini ikizidi, mchanganyiko huwa mzito na mgumu kuukanda. Kwa hiyo inafaa iwe msaidizi wa masizi kwa kazi maalumu, wala si mrithi wake.

Jambo la pili ni afya. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mirija mirefu ilileta katika panya madhara yanayofanana na yale ya asbestosi. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aina moja ya mirija hiyo katika kundi la vitu viwezavyo kusababisha saratani. Masizi nayo yamo katika kundi hilo. Hatari kubwa humkabili mfanyakazi ashikaye unga mkavu kabla haujamezwa na mpira. Haki yake ya kupumua hewa safi haina budi kutangulia sifa za bidhaa.

Mwalimu wa kemia hahitaji mashine ghali ili kulifundisha somo hili. Unga wa uji ukimwagwa wote katika maji yanayochemka hufanya madonge. Ukikorogwa kwanza katika maji baridi haufanyi. Unga ni uleule, na sufuria ni ileile. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake, atakapotangaziwa mpira wa ajabu, hataridhika kuuliza una kaboni ya namna gani. Atauliza pia imesambazwaje, na ni nani aliyevuta vumbi lake.